Marahaba ya Kirusi

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza uigizaji. Vyote viwili vimechelewa.

Nina miaka hamsini na mbili. Saluni yangu iko wazi siku sita kwa wiki, na baba watoto anasema siku ya saba nikikaa bure huwa namtafutia kosa. Basi nilipoona tangazo ukutani pale posta kwamba wanatafutwa waigizaji wa umri wowote, nikasema potelea mbali, naenda.

Mchezo wenyewe ni wa Kirusi, umepita miaka mia. Mwongozaji ni binti mwembamba anayetembea na kengele ndogo ya mkononi. Akitaka tunyamaze anaitikisa. Tumeshamwita Kengele na ameitikia. Anasema tutaucheza kisasa: nguo za leo, simu badala ya barua, na majina yote ya Kirusi ameyafuta kwa sababu ni marefu kama treni ya mizigo, ukifika behewa la mwisho umeshasahau la kwanza. Wamebaki Dada Mkubwa, Dada Mdogo na Dereva. Dereva ni seremala mmoja mpole ambaye pia ndiye anatutengenezea jukwaa.

Kisa ni hiki. Madada wawili wamerithi nyumba yenye jiko moja tu la kuotea moto. Mkubwa alihama zamani, sasa amerudi katikati ya theluji. Mdogo alibaki akaitunza nyumba. Sehemu zote nne wanagombania nani alale karibu na jiko. Nilicheka, nikamwambia Kengele hao si Warusi, hao ni majirani zangu.

Halafu nikageuka kuona nani anakohoa kiti cha nyuma. Wifi yangu! Amekaa wima, mkoba magotini, kama yuko kwenye usaili.

Hatujasemeshana mwaka wa sita huu.

Ningetoka. Lakini nikitoka mimi, ataona ameshinda. Najua naye aliwaza hivyo hivyo, maana hakutoka.

Jumapili, 3 Machi

Niandike chanzo, ili nikija kusoma nikiwa bibi kizee nijicheke.

Wifi yangu na mimi tulikuwa chanda na pete tangu shuleni, kabla yeye hajawa mkunga na mimi msusi. Yeye ndiye aliyenipeleka kwao, yeye ndiye aliyenionyesha kaka yake. Tumezaliwa mwaka mmoja, ila yeye kanitangulia kwa miezi saba. Siku moja tumekaa mezani, baba mkwe akamtania: "Mbona humwamkii mke wa kaka yako mkubwa?" Wifi akajibu, "Huyu? Nimemzidi miezi saba. Yeye ndiye aniamkie mimi." Nikasema mimi ni mke wa kaka mkubwa, kwa hiyo nimeolewa na ukubwa wangu. Akasema, "Basi nitakuamkia siku jogoo akitaga." Nami nikasema, "Na mimi vivyo hivyo."

Ulikuwa utani. Kesho yake kila mmoja akangoja mwenzake amwamkie. Keshokutwa tena, hadi ikawa kiapo cha kutosemeshana. Ukishangaa ya watoto, hujaona ya wanawake wenye miaka arobaini na sita. Sasa tukikutana kwenye shughuli za familia, maneno yote yanapita kwa baba watoto. "Mwambie mkeo chai inapoa." "Mwambie dada yako nimeiona." Maskini, anasema yeye ni daraja, tunapita juu yake na hakuna anayemshukuru.

Jumatano, 6 Machi

Kengele amegawa sehemu. Wifi ni Dada Mkubwa. Mimi ni Dada Mdogo.

Nikakubali, nikidhani ni mchezo tu. Kisha akatugawia maandishi. Kumbe kwenye mchezo wa asili, kila Dada Mkubwa akiingia, Dada Mdogo humbusu mkono. Kengele anasema hapa tukibusiana mikono watu watacheka, kwa hiyo yeye ametafsiri kwa akili yake. Ameandika: "Shikamoo, dada."

Mara nne! Kila sehemu mara moja.

Nikaangalia upande wa Wifi. Alikuwa anasoma karatasi ile ile, mabega yanatikisika.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia baba watoto najitoa. Akasema, "Haya, nitamfikishia dada yangu kwamba umemkimbia." Sijitoi.

Jumapili, 10 Machi

Mazoezi. Niliitamka nikiwa nimeangalia dirisha, nikaimeza katikati ya kikohozi. Wifi akaidaka hivyo hivyo. "Marahabaaaa," akaivuta kama mpira wa manati, macho ameyafumba kwa utamu. Kengele akatikisa kengele yake. "Mama, hiyo marahaba imekuwa ndefu mno." Wifi akasema ndivyo anavyomhisi mhusika.

Jumanne, 12 Machi

Marahaba tisa leo, kwa sababu Kengele alitaka kurudia rudia Dada Mkubwa anavyoingia. Mvua kubwa. Nimeunguza nywele za mteja kwa hasira, kidogo tu, nyuma.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nimemwangusha Wifi.

Niseme vizuri, isije ikaonekana nilikusudia. Sehemu ya tatu Dada Mkubwa anazimia kwa baridi, na Dada Mdogo anambeba hadi kitandani kando ya jiko. Kitanda ni cha chuma, seremala amekitoa kwake. Wifi akazimia vizuri sana, akalegea mwili mzima. Nikamshika kwapani, nikavuta, akaja. Nikampandisha nusu. Hapo ndipo goti langu la kushoto likasema basi, na mimi nikasema basi, na Wifi akateleza kama gunia la mchele akafika sakafuni kwa makalio.

Seremala kashika kichwa. Kengele hakukumbuka hata kengele yake.

Nikaona nimemvunja nyonga mkunga wa watu, kesho wajawazito watazalishwa na nani? Nikainama. Nilitaka kusema "pole" lakini tangu lini nimesema naye?

Naye akaanza kucheka. Pale pale chini, mguu mmoja huku mwingine kule, akacheka kile kicheko chake cha kuvuta pumzi ndani, kama pampu ya baiskeli. Nilikisahau. Miaka sita sijakisikia kwa karibu. Darasani walikuwa wakitutoa nje wote wawili kwa ajili ya kicheko hicho, yeye kwa kukicheka na mimi kwa kumchekea. Nikauma midomo hadi ikauma kweli, kisha nikashindwa, nikacheka. Hatukuangaliana. Kila mmoja alicheka peke yake, upande wake.

Nimerudi nyumbani nimeloa, na nimekaa jikoni bila kuwasha taa. Kusema ukweli wa shajara, nina hamu na wifi yangu. Nina hamu naye hadi naona haya kuandika.

Jumatatu, 18 Machi

Kengele ametubadilisha. Anasema mkunga amezoea kubeba watu, na msusi ana goti bovu. Tena shikamoo yangu inatoka kama tusi. Kwa hiyo sasa mimi ndiye Dada Mkubwa.

Jamani! Ataniamkia! Mara nne, na mazoezi yote, na maonyesho sita! Nimemnunulia baba watoto soksi mpya kwa furaha.

Jumatano, 20 Machi

Nilijiandaa mbele ya kioo cha saluni. Nilikuwa na marahaba tatu: fupi ya dharau, ya kati yenye huruma, na ndefu ya kulipiza.

Nikaingia na sanduku langu. Wifi alikuwa amechuchumaa kwenye jiko. Akainua uso, akaniona, akasimama taratibu, akajifuta mikono kwenye nguo. "Shikamoo, dada," akasema. Hakuimeza wala hakukohoa. Aliisema kama mtu aliyekaa muda mrefu mlangoni akimsubiri mtu hadi akakata tamaa ya kumwona, na macho yake yakajaa maji.

Marahaba zangu zote tatu zikanipotea. Kengele akanong'ona, "Mama, marahaba." Nikaitoa, ikawa ndogo, yenye mkwaruzo. Kengele akasema hiyo hiyo, usiibadilishe.

Hasira zote nikamgeuzia baba watoto. Nikamwuliza tangu lini dada yake anajua kuigiza hivi. "Nani kakwambia anaigiza?" akasema, akarudi kwenye friji yake aliyokuwa anaitengeneza.

Jumamosi, 30 Machi

Tumetoka mazoezini mvua inamwagika kama imelipwa. Mimi sina mwavuli. Wifi anao. Tumesimama barazani, kila mmoja anatazama barabara yake. Nikajua atafungua aende zake.

Akafungua. Akasema, akiwa ameangalia mbele, kwa ile sauti ya jukwaani: "Dada, sogea karibu na jiko. Utaganda."

Huo ni mstari wa sehemu ya pili.

Mstari wangu unaofuata naujua kama jina langu: "Sitaki huruma yako, nataka blanketi." Nikausema. Akanyoosha mwavuli upande wangu. Tukatembea hadi kituoni chini ya mwavuli mmoja, tukisema sehemu ya pili yote, na ilipokwisha tukarudia. Hatukuvunja kiapo, maana mimi sikusema na Wifi, wala yeye hakusema na mimi. Walisema Warusi.

Jumanne, 2 Aprili

Amekuja saluni! Wateja wawili ndani, mmoja yuko chini ya kikaushio. Akasimama mlangoni na kitambaa kichwani, akasema, "Dada Mkubwa, kichwa changu kimeingia theluji."

Akavua kitambaa. Kweli, mvi tele.

Nikamwambia, "Kaa karibu na jiko, Dada Mdogo, tutaiyeyusha." Nikachanganya rangi nyeusi. Yule mteja wa kikaushio akazima mashine ili asikie. Nikashika kichwa cha wifi yangu kwa mikono yangu, nikakiosha, nikaona kovu dogo juu ya sikio alilolipata tukiwa wasichana kwa kuruka ukuta wa shule. Nilitaka kumwuliza kama bado linamwasha mvua ikinyesha. Kwenye mchezo hakuna mstari kama huo. Nikatafuta, nikatafuta, mwisho nikasema, "Paa la zamani bado linavuja?" Akasema, "Wakati wa masika tu, dada."

Mteja akaniuliza baadaye, yule mama ana akili timamu? Nikamwambia kuliko mimi.

Jumapili, 7 Aprili

Tumeanza kutunga mistari yetu. Jana amenipigia simu, akasema "Dereva amekula?" maana yake kaka yake anaendeleaje na presha yake. Nikasema Dereva anakula chumvi kwa kujificha. Akasema atakuja kumchapa kwa kuni. Baba watoto alikuwa karibu, kashika kikombe. "Mnaongea?" Nikamwambia hapana, tunafanya mazoezi. Akainua mikono juu, akaenda zake uani kucheka.

Alhamisi, 11 Aprili

Theluji ya seremala imefika: pamba za mito mitatu na karatasi zilizochanwachanwa. Imeniingia puani. Nimepiga chafya pale madada tunapomlilia marehemu mama yetu.

Ijumaa, 19 Aprili

Onyesho la kwanza.

Mvua ilinyesha tangu mchana, nikajua viti vitakaa vitupu. Vikajaa! Watu wamesimama hadi ukutani na miavuli yao inachuruzika. Safu ya mbele walikaa bibi wanne, wameshikilia mikoba.

Niliingia na sanduku. Wifi akasimama, akajifuta mikono, akasema, "Shikamoo, dada." Na kabla sijafungua mdomo, wale bibi wanne wakaitikia kwa pamoja, "Marahaba, mwanangu." Hawakukusudia, salamu ikipita mbele yao wanaidaka tu. Ukumbi ukaangua kicheko. Bibi mmoja akajiziba mdomo na mtandio.

Wifi ndiye aliyetuokoa. Aliwageukia wale bibi, akainama kwa heshima zote, kisha akanigeukia mimi: "Unaona, dada? Ulivyokawia, hata majirani wameshaniitikia." Watu wakapiga makofi, sanduku likaniponyoka. Sehemu ya pili, ya tatu na ya nne, kila ikifika shikamoo, ukumbi mzima ukaitikia. Watu mia mbili! Kengele nyuma ya pazia alikuwa analia au anacheka, sikuweza kutambua.

Mwishoni tukashikana mikono tukainama. Mkono wake ni mgumu, mkavu kwa sabuni ya hospitali. Haukuniachia upesi.

Jumapili, 21 Aprili

Ukumbi umejaa tena. Theluji imeloa, imeanguka bonge moja juu ya seremala.

Jumamosi, 27 Aprili

Onyesho la nne. Leo nimepiga hesabu nikaacha kufurahi. Yamebaki mawili. Halafu Warusi wanakwenda kwao na jiko linarudi kwa seremala, na wifi yangu na mimi tunabaki na kiapo chetu. Nitamwita nani Dada Mdogo? Nikimpigia simu nitasema nini, mwambie kaka yako chai inapoa?

Nimemweleza baba watoto. Amesema, "Kama una hamu naye, mwambie. Mficha uchi hazai." Nikamwambia yeye haelewi. Akasema kweli, haelewi, miaka sita sasa.

Jumamosi, 4 Mei

Onyesho la mwisho.

Mchezo unamalizika hivi: madada wanalala wote wawili karibu na jiko, kila mmoja kampa mwenzake blanketi, hivyo wote wanatetemeka, taa inazimwa. Dakika mbili tu. Leo tuliufanya robo saa. Nilimfunika, akanifunika. Nikamfunika tena. Akasema mstari ambao haupo: "Dada, ukiondoka kesho utaniaga?" Nikasema, "Nitaondokaje, sanduku umelificha?" Akasema, "Nimelificha ndiyo." Watazamaji wakacheka. Kengele nyuma ya pazia akaanza kutikisa kengele, polepole, kisha kwa hasira. Mtu wa taa hakujua azime au asizime. Nikasema, "Moto unazimika." Akasema, "Tia kuni." Nikatia. Akasema, "Tia nyingine." Hakuna kuni zilizobaki, nikatia kiatu changu. Ndipo taa zikazimwa kwa nguvu.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na watu na maua na kelele. Tukakaa mbele ya kioo kimoja, tukafuta rangi usoni. Kengele akatukumbatia, akatugombeza, akatukumbatia tena, akatoka. Seremala akatoka na kitanda chake. Tukabaki wawili.

Nyuso zetu zilikuwa zimeshatakata. Nilimwona kiooni, mkunga wa hospitali, wifi yangu. Naye aliniona. Nikatafuta mstari. Kichwani hamna kitu, Warusi wote wameshapanda gari. Alifungua mkoba, akaufunga. Akasimama kidogo mlangoni. Akaenda.

Na mimi, bingwa wa maneno, niliyemfanya mteja abadilishe mchumba kwa ushauri wangu, nimekaa kimya kama kiti.

Jumapili, 5 Mei

Mvua. Simu haijalia. Nami sikupiga.

Jumatatu, 6 Mei

Nimefunga saluni. Mteja wa asubuhi nimempigia nikamwambia nywele zake hazina haraka kuliko mambo yangu.

Nikaenda hadi geti la hospitali, nikasimama chini ya kibaraza cha mlinzi kusubiri zamu ya usiku itoke. Njiani nilitunga hotuba nzima, na hoja, na mifano, nani alianza, nani alitania, na baba mkwe alimaanisha nini. Akatokea. Amebeba viatu vya kazi kwenye mfuko wa plastiki, macho mekundu kwa usingizi, rangi yangu bado imekaa vizuri kichwani. Hotuba ikanitoka kichwani.

Nikasimama mbele yake. "Shikamoo."

Akageuka nyuma kutazama ni mama gani amesimama nyuma yake.

"Anaamkiwa nani?" akauliza.

"Wewe."

"Mbona Dada Mdogo ni mimi?"

"Warusi wamekwisha," nikamwambia. "Ni mimi. Ninakuamkia wewe, wifi yangu. Shikamoo."

Nilisema kwa sauti, mlinzi akaacha kukunja mwavuli wake. Nikangoja. Nilikuwa tayari kwa marahaba ndefu kuliko zote, aivute hadi adhuhuri, aimalize kesho, sijali. Mdomo wake ukafunguka. Ukafungika. Ukafunguka.

"Wee mwanamke," akasema, "usinizeeshe mbele za watu! Tumezaliwa mwaka mmoja!"

"Miaka sita unaidai salamu hii!"

"Nilikuwa sijaisikia. Ichukue, siitaki. Mimi ndiye nilikuwa nije kwako leo nikuamkie wewe."

"Haichukuliki, imeshatoka."

"Basi shikamoo na wewe."

"Siipokei!"

Tukagombana pale pale getini, kwa midomo yetu wenyewe, bila mstari hata mmoja wa mtu. Mkoba wake ukaanguka, machozi yananitoka na yeye yanamtoka, halafu ile pampu ya baiskeli ikaanza na mimi nikaishiwa nguvu, nikamshikilia begani nisidondoke. Wauguzi wakatupita wakituangalia. Mlinzi akaja mbio kuuliza kama tumefiwa. Nikamwambia hapana baba, huyu ni wifi yangu.

Nimekuja naye nyumbani. Amekula, amemnyang'anya kaka yake kikopo cha chumvi, ameongea mfululizo mpaka usingizi umemkata katikati ya neno. Sasa yuko chumba cha wageni, anakoroma, naandika huku namsikia. Baba watoto amechungulia mlangoni, amerudi kwa kunyata, ameniuliza kwa kunong'ona mwisho wa yote nani ni mdogo. Nimemwambia hilo ndilo tulilokuwa tunabishania aliposinzia, kila mmoja anasema ni yeye, na akiamka tunaendelea.